Baba Mkwe, Mimi na Michoro ya Kolo

Leo nimeaibika. Sisemi nimeteleza, sisemi nimechekwa kidogo. Nimeaibika mbele ya baba mkwe mtarajiwa, mbele ya shangazi mwenye simu ya kamera kali, na mbele ya mbuzi kumi na kitu ambao hakuna aliyewaalika. Ninaandika haya nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba yangu hapa Nkuhungu. Wageni wako ndani wanakunywa chai. Mimi nimewaambia nakagua matairi. (Matairi ni mazima. Mbovu ni mimi.)

Nimeona niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa, maana najua video imeshaanza kutembea.

Mchumba wangu anaitwa Manka. Kwao ni Marangu, kazi yake iko hapa Dodoma, jengo moja na mimi, ghorofa tofauti. Barua ya posa ilikwenda kwao tangu mwezi uliopita. Jibu halikuja. Badala ya jibu akaja baba yake mwenyewe, na dada wa huyo baba, yaani shangazi yake Manka. Wakasema wamekuja kuona mahali ambapo binti yao anataka kuolewa, na kwamba jibu la posa watalitoa kabla hawajapanda basi la kurudi. Basi lenyewe ni kesho asubuhi.

Mnauona uzito wake? Hayakuwa matembezi yale. Ulikuwa usaili.

Na kwa desturi mwenye kazi ya kuongea na wakwe ni mshenga. Mwoaji anabeba mabegi na kuitikia "ndiyo, baba". Mshenga wangu ni mjomba Lameki, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, na wiki hii malori yanapakia mchana kutwa. Akaniambia kwa simu hawezi kutoka sokoni, niwapokee wageni mwenyewe, yeye atapigiwa simu jibu likiwa tayari. Nikasema sawa. Kupokea wageni kuna ugumu gani?

Jana nikawazungusha mjini. Nilianza kwa kuwapandisha kwenye kilima cha mawe, pale unapouona mji wote umelala chini yako, mabati yanang'aa, upepo unapiga. Mimi pale huwa najisikia mtu. Baba Manka akasimama, akaweka mikono nyuma, akatazama.

"Panaonekana vizuri," akasema. "Lakini hili ni jiwe, kijana. Sisi kwetu tuna mlima."

Nikameza. Nikawapitisha mbele ya Bunge, wakaliona lile paa. Baba akatikisa kichwa kwa adabu. "Watu wamejitahidi. Ila sisi tukifungua dirisha tu, mlima huo hapo. Haukujengwa na mtu." Nikameza tena. Nikawapeleka stesheni ya treni ya umeme, jengo la maana, vioo vitupu. Akalizunguka, akalisifu, nikaanza kutabasamu. Kisha akasema, "Angalau mmejengewa cha kuondokea."

Cha kuondokea! Mimi nimezaliwa Kikuyu hapahapa (Kikuyu ya Dodoma, jamani, msianze), nimesoma hapa, nimepata kazi hapa, na mtu anasimama kwenye mji wangu kuniambia kilicho bora ndani yake ni mlango wa kutokea. Masikio yalipata moto. Manka akanifinya mkono.

Kwenye shamba la zabibu shangazi alikula vichala vitatu na akafunga vingine kwenye khanga. Baba yake Manka alikula pia. Akafuta midomo na kutoa hukumu: "Zabibu ni tunda. Mlima ni mlima."

Usiku kwenye chakula ndipo nilipoharibu. Baba alikuwa anamwambia Manka, kwa upole kabisa, kwamba siku akichoka na vumbi anaweza kuomba uhamisho arudi kaskazini, mapema, kabla mambo hayajafika mbali. "Kabla mambo hayajafika mbali" ni mimi. Mimi ndiye mambo! Kisha akaongeza kwamba si kosa la mtu, ila kwa kweli hakuna binadamu anayeweza kufunga safari kutoka nchi za watu kuja kutazama kitu mkoa wa Dodoma.

Nikaweka kijiko chini. "Kuna Kondoa, baba. Michoro ya mapangoni ya Kolo. Watu wanatoka Ulaya kuja kuiona. Imeandikwa kwenye urithi wa dunia. Ilichorwa na watu waliokaa hapa maelfu ya miaka kabla mimi na wewe hatujajua kushika penseli."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesikia kitu. "Wewe umefika?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "bado, baba, twende wote tukaone." Ni maneno machache tu. Mimi nikasema, "Mara nne."

Mara nne! Ukweli ni kwamba Kolo nilikuwa naijua kama mnavyoijua nyinyi nyote mliosoma shule zetu. Kwenye mtihani. "Taja mahali penye michoro ya mapangoni." Unaandika Kondoa Irangi, unapata alama yako, unasahau. Ni mkoani kwangu, barabara ni lami, na katika maisha yangu yote sijawahi hata kukata kona kwenda kutazama. Tena msinitolee macho. Wangapi kati yenu mmefika?

Basi leo saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka. Nilikuwa nimeazima Noah ya rafiki yangu. Baba mbele, Manka na shangazi nyuma, na katikati yao hotipoti ya mama yangu yenye chapati na kuku wa kukaanga, pamoja na dumu la maji. Mayamaya tukaipita, Chemba tukaipita. Baba mkwe akawa anahesabu vilima. "Hicho kinaitwaje?" Nikataja jina. "Na kile?" Nikataja jina lingine. (Nilikuwa natunga. Kimoja nilikipa jina la mwalimu wangu wa hesabu.) Kila nikitaja yeye anaguna tu, "Mh. Kifupi." Nikaushika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Nikajiapiza moyoni kwamba leo, kabla jua halijazama, huyu mzee ataona kitu kimoja ambacho hatakilinganisha na kwao. Kimoja tu kilinitosha.

Tukapita Kondoa mjini, tukafika Kolo. Pembeni kuna kibao kikubwa na ofisi, na kibao kinasema wazi kwamba wageni waripoti hapo kwanza wapewe mwongozaji.

"Daudi," Manka akasema kutoka nyuma, "si ndiyo hapa? Wanasema wageni waripoti."

"Hao ni wageni. Mimi ni mwenyeji."

"Lakini..."

"Manka, najua ninachofanya."

Nilikuwa sijui ninachofanya. Nilichojua ni kwamba nikisimama pale, atatoka mtu na kuniuliza, "Karibu, ni mara yako ya kwanza?" mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo nikakanyaga mafuta. Baada ya mwendo mfupi nikaona njia ya vumbi inaingia kulia, kwenye vilima. Nikaifuata kwa uso wa mtu aliyeipita mara nne. Njia ikawa mbaya, kisha ikawa mbaya zaidi, kisha ikaisha.

"Tunapanda kwa miguu kuanzia hapa," nikatangaza.

Tukapanda. Miiba, mawe, jua la saa nne. Shangazi ana viatu vya kanisani. Nikawa natangulia, natazama kila jiwe kwa jicho la kuomba, na moyoni nasema jamani hata kistari kimoja. Nilishaanza kutunga uongo wa pili, kwamba michoro imefungwa kwa matengenezo. Ndipo tukazunguka jiwe moja kubwa ajabu, limeinama kwa mbele na kutengeneza kivuli kizuri kama baraza. Na kwenye ukuta wake, Mungu wangu! Michirizi. Myeupe na ya kahawia, mingi, inashuka kutoka juu, mingine mipana, mingine myembamba.

Nusura nilie. Nikageuka, nikafungua mikono, nikasema, "Baba. Karibu Kolo."

Yule mzee akavua kofia.

Sijui niwaeleze vipi. Tangu ashuke kwenye basi sikuwahi kumwona akivua kofia, hata kwa mama yangu mzazi. Akavua, akaishika kifuani, akatazama ule ukuta bila kusema "kwetu". Mimi hasira zote za siku mbili zikageuka kiburi. Na kiburi kikapata ulimi.

Nikatoa mhadhara. Nikaonyesha michirizi mitatu myeupe nikasema ni twiga na watoto wake. Nikaonyesha doa la kahawia nikasema ni tembo, ametazama mashariki, kwa sababu wahenga waliheshimu mawio ya jua. Palipokuwa na matone matone nikasema ni mvua. "Hapa waliomba mvua, baba. Unaona ilivyo hai? Ni kama imechorwa jana."

"Kweli kabisa," baba mkwe akasema. "Hii inaonekana mbichi."

"Ndiyo ufundi wao."

Shangazi alikuwa anarekodi tangu neno la kwanza. Akakunja pua. "Mbona kama panatoa harufu?"

"Shangazi, hiyo ni harufu ya ukale." (Nilisema hivyo. Iko kwenye video. Nimeisikia mara tatu ikichezwa nikiwa naendesha.)

Manka peke yake hakutazama ukuta. Alikuwa anatazama chini, kwenye vipande vyeusi vidogovidogo vilivyojaa pembeni mwa jiwe. Akanitazama. Nikakwepa macho.

Tukatandika khanga palepale kivulini. Manka akamimina maji, wote tukanawa mikono vizuri, na mambo yangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini mimi nilikuwa nimeshapandwa na mzuka. Nikasema tusile kwanza. Nikasema kuna heshima yake, kila anayefika hapa mara ya kwanza anaweka kiganja kwenye mchoro, anafumba macho, anawashukuru wa kale, ndipo anakula. Hakuna kitu kama hicho. Nimekibuni mimi, pale pale, kuku akiwa anapoa.

Na baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye mvi, akanyanyuka. Akaweka kiganja chake chote kwenye twiga. Akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda, midomo inacheza. Shangazi akamfuata na kuweka mkono kwenye tembo. Mimi nikaweka viganja viwili. Kisha tukaketi tukala chapati na kuku kwa mikono ileile, na baba mkwe, nasema kweli, akalamba vidole.

"Kijana," akaniambia akiwa anatafuna, "hiki kitu sisi hatuna."

Ningekufa pale, ningekufa mtu mwenye furaha.

Kabla sijajibu mbuzi wakaingia. Nyuma yao akaja mama mmoja wa makamo, Mrangi wa pale, mtandio kichwani, fimbo mkononi. Akasimama. Akatutazama sisi, akatazama khanga, akatazama hotipoti, akatazama ukuta. Uso wake ukawa wa mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuwavunjia watu heshima.

"Asalaam alaykum. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," baba mkwe akaitika. "Karibu chakula."

"Ahsante, nimeshakula. Jamani, samahani. Mbona mmekaa chooni?"

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Wapi?" baba mkwe akauliza.

"Hapo. Hapo ni chooni kwa pimbi. Wanakaa juu ya mawe, wakitaka kujisaidia wanakuja hapo hapo, kila siku, ukoo mzima. Hiyo myeupe ni mikojo yao ikikauka. Hiyo ya kahawia ni ya juzi juzi." Akaonyesha kwa fimbo, taratibu, kama mwalimu. Fimbo ikatua kwenye twiga. "Na huyo mzee naona ana alama yake mkononi."

Baba mkwe akafungua kiganja. Kulikuwa na unga mweupe kwenye mikunjo yote, na mafuta ya kuku juu yake. Alikitazama kile kiganja muda mrefu sana. Kinywani bado alikuwa na chapati. Hakuitema, maana ni mtu wa heshima. Wala hakuimeza. Akabaki nayo shavuni, macho kwangu.

Shangazi akaanza kupiga kelele za "Mama yangu! Mama yangu!" huku simu ikiendelea kurekodi.

"Na michoro?" Manka akamuuliza yule mama, sauti yake ndogo. "Michoro ya Kolo iko wapi?"

"Mmeipita mbali. Hamkusimama ofisini? Hata mimi wajukuu wangu wakitoka mjini nawapeleka ofisini kwanza. Mkiingia wenyewe tu mtazunguka mawe siku nzima. Huku mawe ni mengi."

Baba mkwe hatimaye akasogea pembeni, akatema. Akarudi. Akasema neno moja tu: "Mara nne?"

Mwoaji mwenye akili timamu angepiga magoti. Mimi nikapandwa na hasira. Najua, najua! Lakini mtu akishaaibika mpaka mwisho, hana pengine pa kwenda. Nikasimama mbele ya mzee wa watu nikasema kwa sauti ambayo sikuipanga:

"Sijawahi kufika, baba! Hata mara moja! Nimedanganya! Nimedanganya kwa sababu siku mbili nzima nakuonyesha mji wangu na wewe unanionyesha mlima. Nikikupandisha kwenye jiwe, mlima. Nikikupa zabibu, mlima. Mimi sijaoa mlima, baba, mimi namtaka Manka! Na Manka anaishi hapa, na mimi naishi hapa, na hapa ndipo watoto wetu watakapozaliwa, sasa waje waambiwe wamezaliwa stesheni? Nilitaka uone kitu kimoja tu. Kimoja! Ukivulie kofia. Nimekosea, nimekulisha uchafu, nisamehe. Lakini nimechoka kuambiwa kwetu hakuna kitu!"

Mwangwi ukarudi kutoka kwenye mawe. "Hakuna kitu... kitu..." (Hata mawe yenyewe yalinigeuka.)

"Mwanangu," yule mama akasema kwa upole, "punguza sauti. Mbuzi wangu wanatawanyika."

Manka aliziba uso kwa viganja vyote viwili. Sikujua kama analia au anacheka. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba posa nimeichana mwenyewe, na mshenga hakuwepo hata wa kuokota vipande. Nimempigia kelele baba mkwe. Kwetu hilo halina faini. Hilo halijawahi kutokea mpaka likatungiwa faini.

Baba alichukua dumu, akanawa. Akanawa kwa maji, akanawa kwa mchanga, akamwomba shangazi ile dawa ya mikono ya kwenye mkoba, akaimaliza yote. Kisha akavaa kofia yake, akamgeukia yule mama.

"Hiyo ofisi iko upande gani?"

Tukarudi Kolo. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu, isipokuwa simu ya shangazi iliyokuwa inasema "hiyo ni harufu ya ukale" halafu anairudisha nyuma, halafu inasema tena. Ofisini tukapokewa vizuri, tukaandikishwa kwenye kitabu, tukapewa dada mmoja mchangamfu mwenye buti za kazi. Akauliza kama kuna aliyewahi kufika. Baba mkwe akaninyooshea kidole. "Muulize huyo. Mtaalamu."

Nikasema hapana, dada, ni mara yangu ya kwanza. Yale maneno machache ya jana, leo nikayasema kwa bei ya rejareja mbele ya kila mtu.

Tukapanda tena, kilima kingine, kirefu zaidi, mimi wa mwisho nimebeba viatu vya shangazi. Na tukafika. Jamani. Nilikuwa nafikiri itakuwa mikubwa, ya kung'aa. Kumbe ni midogo, myekundu iliyofifia, inabidi usogee na utulie kwanza ndipo ukuta uanze kukupa watu. Watu wembamba, warefu, wenye nywele zimesimama, wamekaa pamoja. Mnyama hapa, mwingine pale. Dada akaeleza vile inavyodhaniwa, na mahali ambapo haijulikani akasema haijulikani. Akatukataza kugusa. Baba mkwe akaweka mikono yote miwili nyuma kabla sentensi haijaisha.

Nikasimama pembeni, peke yangu. Nilijionea hasira mpya, tofauti na zile za asubuhi. Miaka yote hii ipo hapa. Miaka yote hii mimi nasema "kwetu, kwetu" na sijawahi kuja kuitazama. Nilikuwa nagombea kitu ambacho sikijui hata sura. Iliniuma, siwafichi. Kofia kama alivua au hakuvua sikuona, maana nilikuwa natazama ukuta.

Kurudi, tukasimama Kondoa mjini kwenye hoteli moja ndogo tunywe chai. Imejaa watu, saa tisa hiyo, madereva, wafanyabiashara, wazee wa barghashia. Baba mkwe akaagiza chai na andazi, akalila kwa uma. (Andazi. Kwa uma.) Kisha akatoa simu, akaiweka mezani, akawasha spika. Akampigia mjomba Lameki, mshenga.

Ndilo jibu hilo. Na hakuniambia mimi, sawa na desturi, jibu la posa haliambiwi mwoaji. Linampita juu ya kichwa.

"Mshenga!" akaita.

"Shikamoo, mzee! Sema kwa sauti, niko katikati ya malori!" Nyuma yake honi zinalia na mtu anahesabu magunia.

"Nasema tumetoka Kondoa!"

"Mmetoka wapi?"

"KONDOA! KIJANA WAKO AMETUPELEKA KUTAZAMA MICHORO!"

"Mmeiona?"

"KWANZA AMETUSHIKISHA MIKOJO YA PIMBI! TUKALA NAYO KUKU!"

Hoteli nzima vijiko vikasimama ndani ya vikombe. Mzee mmoja meza ya jirani akasogeza kiti chake, hakutaka kukosa kitu. Mjomba kule Kibaigwa akasema, "Sijasikia vizuri, rudia," na baba mkwe akarudia. Akarudia yote, tangu twiga mpaka kiganja. Kwa sauti ya juu. Mimi nikawa natazama bakuli la sukari.

"Mzee wangu," mjomba akasema mwishowe, sauti imekufa, "huyu kijana tumuombee radhi. Kwa hiyo jibu ni..."

"Ngoja nimalize! Asubuhi amenidanganya. Mchana akanipigia kelele. Mimi, kwa umri huu! Katikati ya mbuzi!" Akanywa chai kidogo. Nikamwona Manka ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Lakini mshenga, nimefikiri njia nzima. Nimekaa na binti yangu miaka yote hii nikijiuliza atampata nani wa kumsimamia mimi nisipokuwepo. Huyu kijana anagombania mawe. Mawe ambayo hata hayajui! Amekuwa tayari kukosa mke kwa ajili ya mawe. Mtu wa namna hiyo akishakuwa na mke wake wa kweli, naona huko hatutakuwa na wasiwasi."

Honi ikalia Kibaigwa.

"Kwa hiyo tumekubali. Waambie wazee wenu. Tumekubali."

Hoteli ikalipuka. Mzee wa meza ya jirani akapiga makofi. Watu nisiowajua wakanipa mkono (kisha nikawaona wanafuta mikono yao kwenye suruali). Shangazi akapiga vigelegele huku anarekodi. Manka akanitazama, akaanza kucheka ule msiba wote alioubana tangu saa tano, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani.

"Ila mshenga," baba mkwe akainama tena kwenye simu, "tuna sharti moja. Liandikwe kabisa."

"Sema, mzee!"

"Siku ya harusi, huyu asipewe kipaza sauti."

Na limeshaandikwa. Hatujafika hata Chemba, kundi la kamati ya harusi limefunguliwa, wanachama ishirini na saba, picha ya kundi ni mimi nimekumbatia choo cha pimbi na macho nimefumba. Mjomba Lameki ndiye aliyeiweka, ametumiwa na shangazi, yeye aliyeshindwa kutoka sokoni! Wanapiga kura ya MC sasa hivi ninavyoandika.

Kwa hiyo naomba mtu asinicheke hapo chini, nimeshachekwa wilaya nzima. Nina hasira. Lakini ninaoa.